Maombi ya Mkopo wa Elimu ya Juu: Maelezo kwa Wachungaji na Wanafunzi wa Theolojia

1. Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yakiisha kutangazwa, ofisi nyingi za sharika hapa Tanzania hupata wageni wa namna moja. Mgeni ni kijana aliyefaulu, mwenye bahasha ya vyeti mkononi, na haja yake ni barua ya mchungaji ya "kuombea mkopo". Mara nyingi barua hiyo huandikwa kwa haraka, kati ya ibada na kikao cha baraza, na mwandishi wake hajui itapelekwa wapi, wala itasomwa na nani, wala kama inahitajika kabisa. Baada ya miezi michache kijana hurudi na habari kwamba amenyimwa, na usharika mzima huamini kwamba amenyimwa kwa kuwa hana mtu wa kumsemea.

Imani hiyo haina budi kuchunguzwa. Wapo wanaokosa mkopo kwa sababu fedha ni chache kuliko waombaji. Lakini wapo pia wanaokosa, au wanaochelewa kupata, kwa sababu ya karatasi ambayo ingaliweza kupatikana miaka kumi kabla, au kwa sababu ya jina lililoandikwa kwa tahajia mbili. Hapo ndipo mchungaji mwenye maarifa anapoweza kuwa wa msaada wa kweli. Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: asili ya mkopo huu, utaratibu wa kuuomba, na wajibu wa yule anayetia saini au kuandika barua kwa ajili ya mwombaji. Mwishoni tutasema machache juu ya ufadhili wa Kanisa, ambao ndio unaowagusa zaidi wanafunzi wa theolojia.

2. Asili ya mkopo

Kumsaidia mwanafunzi maskini si wazo geni katika mapokeo yetu. Martin Luther mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi kijana katika mji wa Eisenach, aliimba milangoni mwa watu ili apewe mkate. Mwaka 1523 aliandika utangulizi wa utaratibu wa hazina ya pamoja ya usharika wa Leisnig, ambayo kazi zake zilikuwa pamoja na kutunza maskini na kugharimia shule. Mwaka uliofuata, 1524, aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule na kuzigharimia. Kwa hiyo tangu mwanzo swali la nani alipe ada ya mtoto wa maskini lilihesabiwa kuwa swali la jamii nzima.

Hapa nchini, katika miaka ya baada ya uhuru, serikali ilibeba karibu gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwalimu Julius Nyerere, katika miaka ya 1960, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo asiporudi, amewasaliti waliobaki na njaa. Mfano huo tutaurudia.

Hali ya uchumi ilipobadilika, na idadi ya wanafunzi ilipozidi kuongezeka, sera ya uchangiaji wa gharama ililetwa katika elimu ya juu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mzazi na mwanafunzi wakatakiwa kubeba sehemu ya mzigo. Hatimaye Bunge lilipitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi hiyo ikaanza kazi mwezi Julai 2005. Bodi ina kazi mbili zisizotengana: kuwakopesha wanafunzi wahitaji, na kukusanya madeni ya waliokwisha kusoma ili fedha hizo ziwakopeshe wengine.

Ni vema tutofautishe maneno. Ufadhili, ambao wengine huuita skolashipu, haurudishwi. Mkopo hurudishwa. Watu wengi vijijini husema kijana "amepata fedha za serikali", na kwa usemi huo neno deni husahaulika. Mchungaji afundishe tofauti hii mapema, kabla fomu haijajazwa.

3. Mkopo unalipia nini, na hupewa nani

Mkopo wa Bodi umegawanywa katika vipengele sita: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Si kila mwombaji hupata vyote, na kiasi cha ada hutofautiana kwa kadiri ya uhitaji. Kwa chakula na malazi, kiasi cha shilingi 8,500 kwa siku kiliongezwa kuwa shilingi 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023.

Ili kupima uhitaji, Bodi hutazama hali ya mwombaji na ya familia yake. Miongoni mwa mambo yanayopewa uzito ni uyatima, ulemavu wa mwombaji au wa mzazi wake, kuwa katika kaya maskini inayohudumiwa na TASAF, na kuwa mwombaji alifadhiliwa na mtu au shirika alipokuwa sekondari. Kwa upande mwingine, aliyesoma shule za ada kubwa kwa fedha za wazazi huhesabiwa kuwa na uwezo zaidi. Kozi iliyochaguliwa nayo imekuwa na nafasi yake, kwa kuwa miongozo ya miaka kadhaa imeyatanguliza masomo kama ya afya, uhandisi, na ualimu wa sayansi na hisabati.

Hapa ipo hoja moja inayopaswa kueleweka vizuri. Bodi haiwezi kuuona umaskini kwa macho. Haifiki nyumbani kwa mjane, haioni paa linalovuja, wala haijui kwamba mbuzi wa mwisho aliuzwa ili kulipia mtihani. Inachokiona ni hati. Umaskini usio na hati, mbele ya Bodi, ni kama haupo. Jambo hili ni gumu, na pengine linaonekana kuwa la kikatili, lakini pasipo hati kila mwombaji angalijiita yatima, na yatima wa kweli angalipotea katika umati huo.

4. Utaratibu wa kuomba

Bodi hutoa mwongozo mpya kila mwaka, na dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Mwombaji hana budi kuusoma mwongozo wa mwaka wake mwenyewe, kwa maana tarehe na masharti madogo hubadilika. Hata hivyo, hatua zake kuu ni hizi:

(a) Cheti cha kuzaliwa. Cheti hiki hupelekwa kwanza kuhakikiwa na RITA kwa njia ya mtandao, na kwa waliozaliwa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mwombaji hupewa namba ya uhakiki, ambayo huitumia katika maombi. Kazi hii huchukua siku kadhaa, hivyo ni upumbavu kuingoja wiki ya mwisho.

(b) Cheti cha kifo. Kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho huhakikiwa kwa njia hiyo hiyo. Kaburi lenye msalaba na jina si ushahidi unaotosha.

(c) Hati nyingine. Mwenye ulemavu huhitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Aliye katika kaya ya TASAF huhitaji namba ya kaya. Aliyefadhiliwa sekondari huhitaji barua ya mfadhili.

(d) Malipo na ujazaji. Mwombaji hufungua akaunti katika mfumo wa Bodi kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, hupewa kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba, kisha hulipa ada ya maombi. Ada hiyo imekuwa shilingi 30,000 na hairudishwi. Namba ya kidato cha nne anayoitumia kuomba mkopo iwe ile ile anayoitumia kuomba udahili chuoni. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba mbili awe mwangalifu hasa katika jambo hili.

(e) Saini. Fomu huchapishwa, kisha hutiwa saini na mwombaji, na mdhamini wake, na kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia, na mwisho huthibitishwa na wakili, hakimu au kamishna wa viapo. Kurasa zilizosainiwa hurudishwa katika mfumo. Kuacha ukurasa mmoja bila saini kwaweza kuyafanya maombi yahesabiwe kuwa hayajakamilika.

(f) Majibu na rufaa. Majina ya waliopata hutolewa kwa awamu. Asiyeliona jina lake katika awamu ya kwanza asikate tamaa, bali aingie katika akaunti yake na kutazama kama kuna jambo la kusahihisha. Awamu zikiisha, Bodi hufungua dirisha la rufaa kwa wasioridhika. Rufaa yenye hati mpya ina nguvu. Rufaa yenye malalamiko matupu haina.

Mwombaji aidha ahakikishe kwamba jina lake ni moja katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa. Vijana wengi wa Kikristo huitwa kwa jina la ubatizo shuleni na kwa jina la ukoo nyumbani. Yohana wa cheti kimoja akiwa Johannes wa cheti kingine, mashine haijui kwamba ni mtu mmoja. Tofauti ya namna hii husahihishwa kwa njia ya kisheria, nayo huchukua muda.

5. Wajibu wa mchungaji

(a) Kabla ya maombi

Huduma iliyo kubwa kuliko zote mchungaji aweza kuifanya miaka mingi kabla ya maombi. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa, na wakristo waelezwe hivyo. Lakini pale ambapo uzazi haukuandikishwa kwa wakati, cheti cha ubatizo ni moja ya hati zinazosaidia kuthibitisha kuzaliwa kwa mtu mbele ya msajili. Kwa hiyo kitabu cha ubatizo kilichoandikwa vizuri, chenye tarehe ya kuzaliwa na majina kamili ya wazazi, ni hazina. Kitabu kilicholiwa na mchwa, au chenye majina ya utani, humdhuru mtoto ambaye hata hajajifunza kusoma.

Vivyo hivyo katika mazishi. Siku za msiba hakuna anayefikiri juu ya ada ya chuo. Hata hivyo, mchungaji anapoitembelea familia baada ya matanga, aulize kwa upole kama kifo kimeandikishwa na kama cheti kimechukuliwa. Mjane mwenye watoto wadogo hataona faida yake siku ile. Mtoto wa miaka minane anayebaki leo, baada ya miaka kumi na moja atatakiwa kuthibitisha kwamba hana baba, na huenda wakati huo mashahidi wamehama au wamekufa, na kibali cha mazishi kimepotea. Swali moja la mchungaji lingalimwokoa.

(b) Wakati wa maombi

Fomu ya Bodi hudai saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na barua ya mchungaji haichukui nafasi ya saini hiyo. Mchungaji amwambie mwombaji jambo hili waziwazi, asije akapoteza siku akitafuta muhuri wa usharika. Barua ya Kanisa huwa na kazi halisi pale ambapo usharika, jimbo au kituo cha diakonia ndicho kilichomlipia kijana karo ya sekondari. Hapo Kanisa ni mfadhili, na barua yake ni ushahidi. Basi iseme nani alilipa, kwa miaka ipi, katika shule gani na kiasi gani, na vitabu vya mhasibu viweze kuithibitisha.

Katika barua ya namna yoyote, mwandishi atenganishe analolijua kwa macho yake na alilolisikia. Aandike amemfahamu mwombaji tangu lini. Asimwite yatima mtu aliyefiwa na mzazi mmoja, bali aseme wazi ni mzazi yupi aliyefariki na yupi aliye hai. Asiandike "familia maskini sana" akaishia hapo, bali aeleze: mama ni mkulima wa nusu ekari, ana watoto watano, wawili wako sekondari. Maelezo mafupi ya kweli yana uzito kuliko sifa nyingi.

(c) Jaribu la huruma

Hapa tunafikia jambo zito. Mchungaji huombwa, mara nyingine na mzee wa kanisa mwenye heshima, aandike kwamba mjomba ndiye mlezi ilhali baba yupo na ana mshahara, au kwamba usharika ulimfadhili kijana ambaye hakufadhiliwa. Sababu inayotolewa ni huruma: "Mchungaji, ni mtoto wetu, na fedha ni za serikali." Wengi hushindwa kukataa, na wengine huhesabu kwamba uongo huu hauna mtu unayemdhuru.

Hesabu hiyo ni ya makosa. Fungu la mikopo la mwaka lina mwisho. Shilingi anayopewa asiyestahili inatoka katika kikapu kile kile ambacho yatima wa usharika wa mbali anakitegemea. Kwa kuwa hatumwoni yatima huyo, tunadhani hayupo. Mwanafunzi wa Katekisimo Ndogo anajua kwamba amri ya nane inamhusu jirani, na kwamba ya saba haimhusu mwizi wa usiku peke yake. Barua ya uongo inavunja amri zote mbili kwa kalamu moja: inamshuhudia uongo mtu mmoja, na kumwibia mwingine. Zaidi ya hayo, inamfundisha kijana, siku anapoingia katika elimu ya juu, kwamba mlango wake ulifunguliwa kwa udanganyifu wenye muhuri wa Kanisa.

Kukataa si kumfukuza mtu. Mchungaji anayesema "hilo siwezi kuliandika" na aendelee kusema: "Tuketi tuone ni lipi la kweli linaloweza kukusaidia." Mara nyingi lipo: ulemavu wa mzazi ambao haujathibitishwa na mganga, au cheti cha kifo ambacho hakijatafutwa, au rufaa ambayo haijaandikwa.

6. Baada ya kupata: deni na ulipaji

Ada hulipwa chuoni moja kwa moja, na fedha za kujikimu hulipwa kwa mwanafunzi kwa mafungu. Mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea kufaulu kwake. Mwanafunzi aombaye kuahirisha masomo au kuhama chuo aiarifu Bodi kwa kupitia ofisi ya mikopo ya chuo chake.

Ulipaji huanza baada ya muda wa neema wa miezi 24 tangu kumaliza masomo. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ndani ya siku 28 anapomwajiri mhitimu. Sharika na taasisi za Kanisa zinazoajiri walimu, wauguzi na wahasibu zikumbuke kwamba nazo ni waajiri. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Tozo ya uendeshaji ya asilimia 1 ilibaki.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mwanafunzi amepata shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 240 za kila mwaka, na ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Chakula na malazi ni shilingi 7,200,000, na ada ni shilingi 3,900,000. Jumla ni 11,100,000. Ukiongeza asilimia 1, deni ni shilingi 11,211,000. Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi, naye atamaliza baada ya miezi 94, yaani karibu miaka minane. Kijana aijue hesabu hii kabla ya kutia saini. Haikusudiwi kumtisha, kwa maana pasipo mkopo asingepata ajira hiyo. Inakusudiwa kumfanya aheshimu kila fungu analolipokea.

Na hapo ndipo mfano wa kijiji chenye njaa unaporudi. Fedha anayoirejesha mhitimu wa leo ndiyo anayokopeshwa mwanafunzi wa kesho. Anayejificha asilipe amekula chakula cha kijiji, naye hakurudi.

7. Ufadhili wa Kanisa kwa wanafunzi wa theolojia

Mwanafunzi wa theolojia kwa kawaida hupelekwa chuoni na dayosisi yake, na gharama zake hubebwa na dayosisi, au na washirika wake wa ng'ambo, au na vyote pamoja na mchango wa familia. Kwa masomo ya juu zaidi, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lililoanzishwa huko Lund mwaka 1947, limekuwa na ufadhili ambao huombwa kwa kupitia kanisa mwanachama, si kwa mtu binafsi kujipeleka mwenyewe.

Kwa kuwa mambo haya hufanyika kati ya ndugu, mara nyingi huachwa bila maandishi. Tunashauri mwanafunzi aulize, kwa adabu lakini kwa uwazi, kabla ya kusafiri: Je, ufadhili ni wa miaka yote au wa mwaka mmoja? Unahusu ada peke yake, au pia vitabu, nauli na bima ya afya? Mwenye mke na watoto, nyumba yake itaishi kwa nini? Akimaliza, atatakiwa kuitumikia dayosisi kwa miaka mingapi? Ni bora maswali haya yajibiwe kwa barua mwezi Julai kuliko kujibiwa kwa machozi mwezi Februari, wakati chuo kinapowazuia wadaiwa kufanya mitihani.

Nazo sharika zenye mfuko wa elimu ziwe na utaratibu ulioandikwa: siku ya mwisho ya kupokea maombi, vigezo vinavyosomwa mbele ya usharika, kamati isiyo na jamaa wa mwombaji, na kumbukumbu za kikao. Mfuko mdogo unaogawiwa kwa haki hujenga imani ya watu. Mfuko mkubwa unaogawiwa kwa kujuana huivunja.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maombi ya mkopo ni kazi ya hati, na kwamba hati nyingi kati ya hizo huanzia mahali ambapo mchungaji yupo tayari: penye ubatizo, penye mazishi, na penye ziara za nyumbani. Tunapendekeza basi mambo matatu yaanze mwaka huu katika kila usharika. Kwanza, vitabu vya ubatizo vikaguliwe na kuhifadhiwa vema. Pili, kila familia iliyofiwa iulizwe juu ya cheti cha kifo. Tatu, wanafunzi wa kidato cha tano wakusanywe siku moja, waje na vyeti vyao, majina yalinganishwe, na upungufu uandikwe, ili mwaka mzima ubaki wa kuusahihisha. Kazi hizi hazihitaji bajeti. Zinahitaji daftari, uvumilivu, na mtu mmoja anayewajua watu wake kwa majina yao kamili.